Redio Inayoegemea

Wiki ya tatu ya kampeni, hapa Kiborloni,
Eliakunda Temu ameitua redio mezani pangu
kama aletaye mgonjwa aliyemchosha nyumba nzima.
"Fundi, hii imeanza kuegemea upande."
Nikacheka. Hakucheka.
"Kila siku saa moja na nusu, yule mchambuzi,
yule Shafuri wa sauti ya asali:
mgombea wetu akikohoa, ni afya imemwisha;
wao wakikohoa, ni vumbi la barabara walizotujengea!"

Nikaandika kwenye daftari: Temu, redio moja, nyeusi,
eriali imekatika. Tatizo: inaegemea.

Saa sita akaja Mama Aikaruwa wa mitumba,
yake kaifunga kwenye kanga.
Mchambuzi yuleyule, saa ileile.
"Kanunuliwa," akasema. "Hata bei naijua."
"Kanunuliwa na nani?"
Akanitazama kama nimemuuliza Kibo iko wapi.
"Na hao kina Temu."

Nikazifungua zote mbili.
Katika ya Temu: mende mkavu, na unga,
maana inakaa dirishani pa mashine yake ya kusaga.
Katika ya Aikaruwa: waya umeachia, uzi mwekundu,
na sarafu ya hamsini iliyoingia sijui kwa mlango gani.
Sumaku ya spika ikavuta bisibisi yangu,
haikuuliza imetoka mfuko wa nani.

Kesho yake wakaja kuchukua, wakakutana.
Nikaziwasha pamoja, stesheni moja, bega kwa bega,
na Shafuri akazungumzia mkutano wa kina Temu
kwa vinywa viwili:
"Umati ulikuwa mkubwa, ingawa wapo waliofuata wasanii."
Temu alisikia *ingawa*.
Aikaruwa alisikia *mkubwa*.
Wakageukiana, kila mmoja na ushahidi wake,
na redio zikaendelea na bei ya kahawa.

Sisemi Shafuri ni malaika.
Wiki nzima nilimhesabu kwa njiti za kiberiti,
njiti kwa kila dakika, mafungu mawili juu ya kopo la gundi.
Mafungu yakakaribiana. Nikataka kumsamehe.
Halafu nikaanza kusikiliza vitenzi:
huyu *alifafanua*, yule *alidai*;
wa huku ni *wananchi*, wa kule ni *wafuasi*.
Hapo njiti hazisaidii.
Neno dogo hupita na gunia zima mgongoni
na mlinzi wa geti asione kitu.

Jioni nikamwonyesha mwanagenzi wangu, Ndekirwa,
kijana wa Uru asiyezungumza mpaka alipwe.
Nikamsomea vitenzi vyote, kidole juu, kama hakimu.
Akafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja.
"Fundi," akasema, "na kile kipulizio?"
"Kipulizio gani?"
"Cha vumbi. Akitajwa mgombea wako, kazi inasimama,
hata solda inapoa.
Akitajwa yule mwingine, unakiwasha.
Wiki ya tatu sasa. Hata pasipo na vumbi."

Nikasema umeme ulikuwa unakatika.
Nikasema na mambo mengine.

Temu na Aikaruwa nimewatoza waya na eriali tu;
kule kuegemea sikukuandikia bei.
"Imepona?" akauliza Temu.
"Inasema," nikamjibu.

Leo, saa moja na nusu.
Shafuri ameshasafisha koo lake la asali,
ametaja jina la kwanza, na sasa anakuja la pili.
Mezani mbele yangu kuna redio safi,
niliipuliza jana.
Ndekirwa ananitazama,
si usoni. Mkononi.